Mpiga picha ya matiti ni mwanamume: nimkubali, nimkatae au niahirishe?

*Swali: Nina miaka 52 na sina dalili yoyote. Nimepangiwa mamografia yangu ya kwanza, ile picha ya eksrei ya matiti, wiki ijayo. Nilipopiga simu kuthibitisha nikaambiwa mpiga picha wa zamu siku hiyo ni mwanamume. Tangu hapo sina raha. Sijawahi kuvua nguo mbele ya mwanamume asiye mume wangu, hata watoto wangu nilizalishwa na wakunga wa kike. Dada yangu anasema nifanye altrasaundi badala yake kwa kuwa huko mtu haguswi. Jirani anasema wanaume hubana kwa nguvu zaidi. Mume wangu hajasema nisiende, lakini naona hajaridhika. Je, nina haki ya kumkataa? Nikikataa nitaonekana namtuhumu? Na nikiacha kabisa, nimepoteza nini?*

Mama, nianze na jibu lenyewe ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Ndiyo, unaweza kuomba upigwe picha na mwanamke. Ombi hilo si tuhuma kwa mtu yeyote, na wahudumu wa vitengo vya matiti hulisikia mara kwa mara. Kwa kuwa huna dalili, kusogeza tarehe kwa wiki mbili, nne, hata sita ili umpate mwanamke hakukugharimu kitu kiafya. Kipimo hiki hurudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kutegemea mwongozo unaofuatwa, kwa hiyo wiki chache hazibadilishi hesabu. Kinachodhuru ni kufuta tarehe uliyopewa bila kuwa na nyingine mkononi. Wanawake wengi hupotelea hapo: wanasema nitapiga simu tena, mwezi unapita, mwaka unapita.

Kuna sharti moja. Yote hayo yanamhusu mtu asiye na dalili, kama wewe. Mwanamke aliyeshika uvimbe, ambaye chuchu yake imeanza kuingia ndani au kutoa damu, ngozi ya titi imekunjamana au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa, au ameona uvimbe kwapani, huyo hafanyi uchunguzi wa kawaida. Anahitaji daktari siku hizi hizi, na anayempima akiwa mwanamume, apimwe na huyo huyo, mwanamke mwingine akiwepo chumbani. Ukigundua lolote katika hayo kabla ya tarehe yako, usiingoje tarehe.

Sasa tuingie ndani, kwa sababu naona swali lako lina mambo matatu yaliyofungwa pamoja: haya, hofu ya maumivu, na njia mbadala. Kuna la nne ambalo hukuliandika ila nadhani lipo: utajuaje kwamba mguso huu ni wa kazi na si wa kitu kingine? Hilo nalo nitalijibu waziwazi.

Watu wengi hudhani mamografia ni kama kupigwa picha ya kifua, kwamba unasimama mbele ya mashine, unashika pumzi, umemaliza. Ingekuwa hivyo, jinsia ya mpiga picha isingekuwa na uzito mkubwa. Lakini titi halikuishia pale linapoonekana kuishia. Tishu yake hupanda hadi kwapani na kurudi nyuma juu ya msuli wa kifua, na saratani inaweza kuanzia popote humo. Mashine huona tu kile kilichoingia kati ya mabamba yake mawili. Kilichobaki nje, hata kwa sentimita moja, hakimo kwenye picha, na daktari atakayeisoma hana namna ya kukijua. Kwa hiyo lazima mtu alivute titi kwa mikono na kulipanga. Wewe mwenyewe huwezi, kwa sababu hulioni kutoka upande anaosimama yeye, na mkono wako ukiunyanyua kujipanga unakaza msuli uleule unaotakiwa kulegea.

Nikueleze mikono yake itakavyokwenda, maana nusu ya hofu ni kutojua kinachofuata. Kila titi hupigwa picha mbili, jumla nne. Ya kwanza ni ya kutoka juu kwenda chini. Mtaalamu husimama karibu nawe, huliinua titi kwa kiganja kutoka kwenye mkunjo wa chini, hupandisha bamba la chini mpaka likutane na mkunjo huo, kisha huivuta tishu mbele kutoka ukutani mwa kifua na kuilaza juu ya bamba. Mkono wake mmoja hubaki umelishikilia titi lisirudi nyuma, mwingine huwa begani au mgongoni kwako ukikusogeza mbele kidogo. Atakuambia ugeuze kichwa upande wa pili ili kidevu kisizibe njia. Bamba la juu, la plastiki inayoonekana upande wa pili, hushuka kwa kanyagio la mguu, kwa sababu mikono yake yote miwili ina kazi. Linaposhuka, mkono unaoshikilia titi hutelezeshwa nje kuelekea chuchu, ukiinyoosha ngozi isifanye mikunjo.

Picha ya pili ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayowashtua wengi. Mashine huinamishwa, mara nyingi karibu na nyuzi 45. Mkono wako hulazwa juu ya kishikio, kona ya bamba huingia ndani kabisa ya kwapa, na mtaalamu huvuta titi pamoja na msuli wa kifua kuelekea katikati ya bamba, akilinyanyua juu na nje ili lisining'inie. Atagusa kwapa, atagusa pembeni mwa mbavu, atasukuma tumbo la juu lisijikunje chini ya titi. Titi jingine litahitaji kusogezwa pembeni, na hilo unaweza kulishika mwenyewe kwa mkono ulio huru. Daktari akiipokea picha hii, jambo la kwanza analotafuta ni msuli wa kifua: akiuona umeshuka mpaka kufikia usawa wa chuchu, anajua sehemu ya nyuma ya titi imeingia. Usipofika hapo, huenda ukaombwa kurudia.

Sasa uone kwa nini nakataa kuiita haya yako jambo dogo. Mwili wenye wasiwasi hupandisha mabega. Bega likipanda, msuli wa kifua hukakamaa, na msuli uliokakamaa hauvutiki. Titi linaingia nusu, linauma zaidi, picha inakosa sehemu ya nyuma, inarudiwa. Mwanamke anayejivuta nyuma kidogo tu bila kujitambua, kwa sababu hataki kukaribiana na mtu aliyesimama mbele yake, anaweza kuondoa sentimita nzima ya tishu kwenye picha. Kwa hiyo ukimwambia mhudumu kwamba hutatulia mbele ya mwanamume, unampa taarifa inayohusu ubora wa kipimo chenyewe, sawa na kumwambia kwamba bega lako moja halinyanyuki. Kitengo makini hulipokea ombi hilo kwa uzito huo.

Kuhusu kubanwa, jirani yako amekosea, ingawa naelewa maneno hayo yanakotoka. Nguvu haitoki kwenye misuli ya mtu. Bamba husukumwa na injini ya mashine, na injini hiyo imewekewa kikomo kisichozidi nyutoni 200, karibu na uzito wa kilo 20, na kwa kawaida inayotumika ni chini ya hapo. Mwanamume na mwanamke wanakanyaga kanyagio lilelile. Kinachopunguza au kuzidisha maumivu ni mpangilio: ngozi iliyojikunja chini ya bamba, kona iliyokaa vibaya kwapani, bamba lililoshuka kwa kasi bila onyo. Hayo ni mambo ya mafunzo na mazoea. Pia ni mambo ya siku uliyochagua. Kama bado unapata hedhi, wiki inayotangulia hedhi matiti huwa yamejaa na yanauma yakiguswa. Wiki moja baada ya hedhi kuanza ndiyo nafuu.

Na kubanwa kwenyewe kuna sababu. Tishu zikilaliana, kivuli cha moja hufunika nyingine, na uvimbe mdogo hujificha humo au uvimbe usiokuwepo huonekana kama upo. Zikitandazwa, kila kitu hupata nafasi yake. Titi likiwa jembamba linahitaji mionzi pungufu kupenya. Na likishikwa imara halitikisiki, jambo lenye maana kubwa kwa sababu baadhi ya saratani za mwanzo kabisa hujitambulisha kwa chembe za kalisi zenye ukubwa wa nusu milimeta au chini ya hapo, na mtikisiko mdogo huzifuta. Kila kubanwa ni kwa sekunde chache, kisha bamba huachia lenyewe picha ikishapigwa. Mionzi ya picha zote nne ni takriban milisivati 0.4, karibu sawa na ile ya asili ambayo mwili hupokea kwa wiki saba hivi, ingawa kiasi hicho hutofautiana na mahali.

Nije kwa dada yako na altrasaundi. Kwanza, si kweli kwamba huko mtu haguswi. Utalala kifua wazi, utapakwa jeli, na anayepima atakitembeza kifaa juu ya matiti yote mawili na kwapani, mara nyingi kwa muda mrefu kuliko mamografia yenyewe. Na anayepima anaweza pia kuwa mwanamume. Pili, na hili ni kubwa zaidi, kwa uchunguzi wa mwanamke asiye na dalili altrasaundi haichukui nafasi ya mamografia. Zile chembe za kalisi nilizozitaja huikwepa kwa urahisi. Nguvu yake ni kwingine: kutofautisha uvimbe wa maji na uvimbe mgumu, kumwangalia mwanamke mdogo au mjamzito mwenye uvimbe, na kuongezea mamografia pale titi lina tishu nzito. Kipimo cha MRI huona mengi, lakini huhitaji dawa ya kudungwa kwenye mshipa na hutumika zaidi kwa wanawake walio katika hatari kubwa, kwa mfano wenye kurithi mabadiliko ya jeni za BRCA. Zile kamera za kupima joto la titi, zinazotangazwa kuwa hazigusi na hazibani, zisikudanganye. Hazijathibitishwa kuchukua nafasi ya mamografia.

Kujipapasa mwenyewe je? Ni vizuri kuyafahamu matiti yako na kwenda haraka ukiona mabadiliko. Lakini utafiti mkubwa uliofanyika Shanghai kwa wanawake takriban 266,000, ukachapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kufundishwa kujipapasa kwa utaratibu hakukupunguza vifo vya saratani ya matiti, ila kuliongeza idadi ya wanawake waliotolewa vinyama kwa uvimbe usio na madhara. Usitegemee kujipapasa kama mbadala.

Umeuliza utapoteza nini ukiacha kabisa. Upo katika umri ambao ushahidi wake ni imara kuliko umri mwingine wowote. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, IARC, ilipokusanya tafiti na kutoa hitimisho mwaka 2015, ilikadiria kwamba wanawake wa miaka 50 hadi 69 wanaohudhuria uchunguzi wa mamografia hupunguza hatari ya kufa kwa saratani ya matiti kwa karibu asilimia 40. Isome namba hiyo kwa utulivu: wanawake wengi hawangekufa kwa saratani hiyo hata bila kupimwa, na asilimia hizo zimekatwa kwenye hatari ambayo kwa mtu mmoja si kubwa. Kipimo nacho kina gharama zake. Wengine huitwa tena na kuhangaika siku kadhaa kwa jambo ambalo si saratani, na wachache hutibiwa saratani ambayo isingewahi kuwasumbua maishani. Mimi nikiyaweka yote kwenye mizani kwa mwanamke wa miaka 52, naona kupimwa kunashinda. Ukiamua usipime, uwe umeamua kwa kuzipima hoja hizo. Jina lililoandikwa kwenye ratiba ya zamu ni sababu ndogo mno ya kubeba uamuzi huo.

Njia zako basi ziko hivi. Iliyo bora ni mwanamke, katika kituo hichohicho, tarehe nyingine. Vituo vingi vina wapiga picha wa kike. Kazi hii duniani kote imejaa wanawake, na yapo maeneo ambako ni wao tu. Katika mpango wa kitaifa wa uchunguzi wa matiti wa Uingereza, unaowaita wanawake kuanzia miaka 50 hadi 71 kila baada ya miaka mitatu, picha hupigwa na wanawake pekee, na mwaka 2025 chama cha wataalamu wa radiografia cha huko kilitoa wito wanaume nao waruhusiwe, kwa sababu ya upungufu wa wafanyakazi. Mjadala huo una pande mbili za kweli. Zamu zisizo na mtu huwachelewesha wanawake wote, na mwanamume aliyefuzu kazi hii amefuzu mafunzo yaleyale. Lakini mwanamke anayegeuka mlangoni akaenda zake hajasaidiwa na zamu iliyojaa. Msimamo wangu ni kwamba wanaume waweza kufanya kazi hii, ilimradi mwanamke aambiwe mapema, kabla hajafika, na apewe njia nyingine isiyomlazimu kujieleza. Wewe umeambiwa mapema. Hilo kituo chako kimelifanya sawasawa.

Ya pili ni kituo kingine. Hapa angalia jambo moja: bora mashine nzuri na mtu anayepiga picha hizi kila siku kuliko mashine chakavu yenye mwanamke anayepiga mara moja kwa mwezi. Uliza ni picha ngapi wanapiga kwa wiki, na zinasomwa na nani. Ya tatu ni kumkubali mwanamume huyo kwa masharti yako, nitakayoyaeleza. Hiyo inafaa pale tarehe ya mwanamke iko mbali mno, tuseme zaidi ya miezi mitatu, au kituo kingine kiko mbali kiasi kwamba unajua moyoni hutakwenda.

Ukipiga simu, usizunguke na usiombe radhi. Sema hivi: "Nina miadi ya mamografia siku fulani. Naomba nipigwe picha na mwanamke. Siku hiyo akiwa hayupo, nipangieni siku atakayokuwepo, na naomba tarehe hiyo sasa hivi kabla sijakata simu." Akikuuliza sababu, "nitatulia zaidi" ni sababu tosha. Mwambie aliandike ombi hilo kwenye faili lako, vinginevyo utalirudia kila mwaka. Tena uliza zamu inabadilika saa ngapi. Mara nyingine mwanamke yupo siku ileile, ila ni asubuhi na wewe umepangiwa mchana. Na kama uliwahi kudhulumiwa kimwili, huna haja ya kusimulia. Neno moja tu, "kuguswa kunaniletea shida", latosha kukupatia muda mrefu zaidi na mtu aliyeandaliwa.

Ikiwa itakuwa ni mwanamume, masharti yako ni haya, na hakuna linalozidi kiasi. Omba mhudumu wa kike awepo chumbani tangu unaingia hadi unavaa. Mwombe nesi au mpiga picha mwingine kuliko ndugu, kwa sababu yeye anajua mguso upi ni wa kazi na upi sio. Ndugu anaweza kukusindikiza pia kama kituo kinaruhusu. Wakati mionzi inapotoka, msindikizaji husimama nyuma ya kioo cha kinga pamoja na mpiga picha. Mwenye mimba asiingie kabisa. Omba uvulie nyuma ya pazia na upewe joho linalofunguka mbele, ili upande mmoja tu ubaki wazi kwa wakati mmoja. Nguo haiwezi kuingia kati ya mabamba, kwa kuwa mikunjo yake huonekana kwenye picha, lakini kabla na baada ya kila picha unaweza kujifunika. Vaa nguo za vipande viwili, ili sketi au suruali ibaki mwilini. Siku hiyo usipake diodoranti, poda wala losheni kifuani na kwapani: madini yaliyomo, hasa aluminiamu, hutokea kwenye picha yakifanana na chembe za kalisi, na utaombwa ujifute upigwe tena.

Kisha mwombe jambo moja ambalo hubadilisha hali ya chumba kizima: aseme kabla ya kugusa. "Sasa nainua titi la kulia. Sasa naweka mkono begani. Bamba linashuka." Mtaalamu mzuri hufanya hivyo bila kuombwa. Mkubaliane pia neno la kusimamisha. Ukisema "ngoja", bamba lisimame. Ukisema "achia", lipande. Mashine ina swichi ya kuachia papo hapo, na hata umeme ukikatika bamba hufunguliwa kwa mkono, kwa hiyo hutanaswa. Wakati bamba linashuka, toa pumzi polepole na uangushe mabega. Hilo husaidia kupunguza maumivu. Kukaa mbele ya mashine ni kwa dakika kama kumi tu. Muda mwingine ni wa fomu, kuvua na kuvaa.

Sasa lile la nne. Mguso wa kazi nimekwisha kuuelezea: kuinua titi, kulivuta mbele, kulishikilia bamba likishuka, kunyoosha ngozi ya kwapa, mkono begani, mgongoni, mbavuni. Anaweza kukubandikia kibandiko kidogo kwenye chunjua au kovu ili lisichanganywe na uvimbe. Anaweza kukuuliza kama umeona mabadiliko. Mlango utafungwa, na taa ya tahadhari itawaka nje, kwa ajili ya mionzi na sitara yako. Haya yote ni ya kawaida.

Yasiyo ya kawaida ni haya: kukupapasa matiti kwa muda akidai anatafuta uvimbe, maana mpiga picha hafanyi uchunguzi wa daktari, kukuambia uvue chini ya kiuno, kutoa simu yake ukiwa hujavaa, kusema lolote kuhusu umbo lako, kuendelea kukushika baada ya bamba kuachia, kukataa msindikizaji uliyemwomba. Likitokea mojawapo, sema "simama", vaa, toka, na umwone msimamizi wa kitengo kabla hujaondoka. Andika saa, chumba na maneno yaliyosemwa ukiwa bado unayakumbuka. Kwa kitendo cha dhuluma, ripoti polisi na kwenye baraza linalosajili wataalamu hao. Huhitaji kuwa na uhakika kamili ndipo ulalamike. Kuchunguza ni kazi yao.

Mume wako usimwache na dhana zake. Nadhani kinachomsumbua ni picha aliyojijengea kichwani, na picha hiyo haina mabamba wala kanyagio wala nesi aliyesimama pembeni. Msomee maelezo haya. Umuulize pia kama anajua kwamba wanaume nao huugua saratani ya matiti, takriban mgonjwa mmoja katika kila 100, na wakiugua hupigwa mamografia ileile, aghalabu na mwanamke. Kama kwenu suala hili ni la dini, mwulizeni kiongozi mnayemwamini mapema, mkimweleza kinachofanyika hasa, na kwamba mmeshaomba mwanamke.

Jambo la mwisho kulijua mapema ni kwamba mpiga picha si mwanamume pekee unayeweza kukutana naye njiani. Anayesoma picha ni daktari wa radiolojia, na huyo hutamwona. Lakini wanawake kadhaa katika kila 100 huitwa tena, idadi ikitofautiana sana na kituo, na walio wengi kati yao hawana saratani. Kinachowarudisha ni kivuli kisichoeleweka, au sehemu inayotakiwa kupigwa karibu zaidi kwa bamba dogo, au altrasaundi, au mara chache sindano ya kuchukua kinyama. Baadhi ya hatua hizo, hasa sindano, mara nyingi hufanywa na daktari, na zamu ya madaktari ni finyu kuliko ya wapiga picha. Kwa hiyo simu hiyo ikija, kabla hujauliza lolote, uliza nani atakuwepo chumbani, umwombe mwanamke kama bado unamtaka, lakini safari hiyo usikubali tarehe iliyosogezwa zaidi ya wiki moja au mbili.